Kisa cha rododenoli: kiungo halali cha kung'arisha ngozi kilichoua seli za rangi

Tarehe 4 Julai 2013, kampuni ya vipodozi ya Kanebo ya Japani, iliyo chini ya kampuni kubwa ya Kao, ilitangaza kwamba inaondoa sokoni bidhaa 54 za kung'arisha ngozi, zikiwemo losheni, seramu, krimu na maziwa ya uso, kwa sababu baadhi ya wateja walikuwa wametokwa na mabaka meupe. Bidhaa zote hizo zilikuwa na kiungo kimoja kwa kiwango cha asilimia 2, nacho ni rododenoli, kilichobuniwa na kampuni yenyewe na kuidhinishwa na Wizara ya Afya ya Japani mwaka 2008. Waliotajwa siku ya tangazo walikuwa makumi machache tu. Kabla mwezi haujaisha, waliokuwa na madhara makubwa walishapita 2,000, na hesabu ya mwisho ya waliothibitishwa ilizidi watu 19,000, huku waliotumia bidhaa hizo nchini humo wakikadiriwa kuwa kama 800,000. Karibu wote walikuwa wanawake.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina lolote kati ya mambo tuliyoyazoea tunapozungumzia kujichubua. Hapakuwa na zebaki, hapakuwa na haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, hapakuwa na kopo la magendo lisilo na lebo wala mkorogo uliopikwa nyuma ya duka. Palikuwa na kampuni yenye maabara, kibali cha serikali, bei ya juu na wateja waangalifu waliosoma maelekezo. Hata hivyo ngozi zilidhurika, na zilidhurika kwa njia ambayo, kwa maoni yangu, kila anayeuza, anayeshauri au anayetumia kipodozi cha kung'arisha ngozi anapaswa kuielewa hatua kwa hatua.

Tuanze na kiungo chenyewe. Rododenoli hupatikana kiasili katika mimea kadhaa, ikiwemo mti wa mepo wa Nikko unaoota Japani, na asili hiyo ya mti iliipa sifa ya upole ambayo haikustahili. Umbo la molekuli yake linafanana na la tirosini, ambayo ni malighafi ya melanini, yaani rangi ya ngozi. Ndani ya melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi hiyo, kuna kimeng'enya kinachoitwa tirosinase ambacho huishika tirosini na kuibadili hatua ya kwanza kuelekea melanini. Rododenoli inapoingia, tirosinase huishika yenyewe badala ya tirosini, na muda wote inapoishughulikia, kazi ya kutengeneza rangi hupungua. Hilo ndilo lililokusudiwa, na ndiyo njia inayotegemewa na viungo vingi vya kung'arisha ngozi vilivyoko madukani leo, kuanzia arbutini hadi asidi ya kojiki, ingawa kila kimoja kina tabia yake.

Tatizo ni kwamba tirosinase haikuishia kuishika rododenoli. Iliifanyia kazi ile ile inayoifanyia tirosini, yaani iliioksidisha, na zao lake likawa kwinoni, kemikali kali inayojibandika kwenye protini za seli na kuimaliza glutathioni, ambayo ndiyo kinga ya seli dhidi ya sumu za namna hiyo. Anayeujua mhogo mchungu ataelewa upesi: sumu haimo ndani ya mhogo ikiwa tayari, bali huzaliwa pale kimeng'enya cha mhogo wenyewe kinapokutana na kitu kilichokuwa kimetulia. Katika kisa hiki kimeng'enya kilikuwa cha mgonjwa mwenyewe, na seli iliyokufa ilikuwa ile ile iliyokuwa na kimeng'enya hicho. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba tirosinase ikipunguzwa ndani ya melanosaiti, sumu ya rododenoli nayo hupungua. Kiungo kilichowekwa ili kuipunguza kasi ya seli kilikuwa, kwa baadhi ya watu, kinaiua.

Je, jambo hili lingeweza kutabiriwa? Naona kwamba dalili zilikuwepo, tena za muda mrefu. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliovaa glavu za mpira na kupoteza rangi ya mikono yao. Karibu nusu ya waliovaa glavu hizo waliathirika, na chanzo kilikuwa monobenzoni, kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyotiwa kwenye mpira ili usichakae. Tangu hapo orodha ya fenoli (ukoo wa kemikali ambamo rododenoli nayo imo) zinazoweza kuondoa rangi ya ngozi imeendelea kurefuka. Lililo karibu zaidi na kisa chetu lilitokea Japani kwenyewe: mwaka 1998 ilichapishwa taarifa ya wafanyakazi waliopata mabaka meupe wakiwa katika utengenezaji wa ketoni ya rasiberi, kemikali ya manukato. Ketoni hiyo na rododenoli ni ndugu wa karibu mno. Tofauti yao ni kipande kimoja kidogo cha molekuli, upande mmoja kikiwa ketoni na upande mwingine kikiwa alkoholi. Mkemia anayeyaweka maumbo hayo mawili mezani hahitaji muda mrefu kuona kwamba swali la mabaka meupe lilipaswa kuulizwa mapema, na kujibiwa kwa majaribio yaliyolenga swali hilo hasa.

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe, kwa sababu ndipo mwasho unapoingia. Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Japani kiliunda kamati maalumu mwezi huo huo wa Julai 2013, ikiongozwa na Profesa Kayoko Matsunaga, ili kuwachunguza waathirika na kuwapa madaktari wengine mwongozo wa kuwatambua. Mabaka yalikuwa usoni, shingoni na mikononi, mahali ambapo bidhaa ilipakwa au ilipofika kwa bahati. Mtu anapomaliza kupaka losheni usoni, mabaki ya kiganjani huyateremsha shingoni na kuyafuta nyuma ya mikono. Ramani ya mabaka iliufuata mwendo huo. Mipaka yake haikuwa sawa kwa wote: kwa wengine weupe ulikuwa mkali kabisa, kwa wengine rangi ilififia tu, madoa madogo yakiwa yametapakaa na kuungana kidogo kidogo.

Wengi wa wagonjwa hao, ingawa si wote, waliwahi kuwashwa au kuona wekundu kabla ya weupe kujitokeza. Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ni rahisi kulisoma vibaya kwa pande zote mbili. Anayesema kwamba mwasho ndio uliosababisha weupe anakosea, kwa sababu walikuwepo waliopata weupe bila kuwashwa hata siku moja, na walipofanyiwa kipimo cha plasta, yaani kubandikwa rododenoli kwenye ngozi ili kuona kama inaleta mzio, waliojibu kwa mzio walikuwa wachache. Lakini anayesema kwamba mwasho haukuwa na maana anakosea zaidi. Kwa wale walioupata, ngozi ilikuwa imeanza kulalamika wakati seli nyingi za rangi bado ziko hai, na kuacha kupaka siku hiyo kungeokoa nyingi kati yake. Mwasho ni dalili isiyotosha kugundua kila madhara, ila ukitokea hautakiwi kuvumiliwa.

Nao uvumilivu huo umefundishwa. Katika biashara ya kung'arisha ngozi, mteja anayesema anawashwa huambiwa kwamba krimu inafanya kazi, kwamba ngozi inazoea, kwamba avumilie wiki mbili. Maelezo hayo yana punje ya ukweli kwa viungo vichache kama retinoli na asidi za matunda, ambavyo huweza kuleta wekundu na kubanduka kidogo mwanzoni, na ukweli huo mdogo ndio unaotumika kufunika kila kitu. Kwa ngozi nyeusi hasara yake huonekana mara mbili, kwa sababu ngozi yenye melanini nyingi ikiungua au kuwaka kwa kemikali huacha alama nyeusi zinazokaa miezi, hivyo aliyenunua krimu ya kuondoa madoa huishia na madoa mapya, huongeza krimu, na kuongeza mwasho.

Swali linalofuata ni kwa nini kibali cha serikali hakikuwalinda wanawake hawa. Japani ina daraja la bidhaa lililo katikati ya dawa na kipodozi cha kawaida, na viungo vipya vya daraja hilo lazima viidhinishwe na wizara baada ya kampuni kuwasilisha majaribio. Kwa hiyo rododenoli haikuingia sokoni kwa mlango wa nyuma. Lakini ni lazima tufahamu majaribio ya kawaida ya ngozi huangalia nini. Kipimo cha plasta hubandika kiungo mgongoni au mkononi kwa saa 24 au 48, kisha huhesabu wekundu, uvimbe na malengelenge. Kipimo cha kurudiarudia huangalia kama mzio unazaliwa baada ya wiki kadhaa. Vyote viwili ni vizuri kwa kazi yake, na kazi yake ni mwasho na mzio. Kifo cha taratibu cha melanosaiti, kinachokuja baada ya miezi ya kupaka asubuhi na jioni, hakimo ndani ya dirisha hilo.

Hesabu nayo ilikuwa dhidi ya mgunduzi. Kama madhara huwapata watu wapatao wawili katika kila mia, tena baada ya muda mrefu, jaribio la watu mia moja kwa miezi mitatu laweza kumalizika bila kumwona hata mmoja. Tena mshiriki wa jaribio hupewa bidhaa moja, ilhali mteja aliyeshawishika hununua seti nzima: losheni ya maji, maziwa, seramu na krimu, kila moja ikiwa na asilimia 2 ya kiungo kile kile, zikipakwa moja juu ya nyingine katika uso ule ule. Kiwango kilichoandikwa kwenye chupa kilikuwa kweli kwa kila chupa, lakini hakikueleza jumla iliyofika kwenye ngozi. Kuna jambo jingine ambalo naliona ni zito kuliko yote katika sehemu hii: bidhaa ya namna hiyo hupimwa kwa kifaa kinachosoma weupe wa ngozi, na seli za rangi zinapoanza kufa, kifaa hicho huandika mafanikio. Mteja naye, anapoona sehemu ya shavu imekuwa nyeupe kuliko nyingine, haishangazi akidhani kwamba bidhaa imeanza kufanya kazi na kwamba sehemu iliyobaki inahitaji kupakwa zaidi.

Hata hivyo kibali ni ngao ya kwanza tu. Ngao ya pili ni masikio ya kampuni baada ya bidhaa kufika kwa watu, na hapo ndipo kisa hiki kinaponisikitisha zaidi. Malalamiko ya mabaka meupe yalianza kuifikia Kanebo mwaka 2011. Mwaka 2012 daktari alidokeza kwamba vipodozi huenda vinahusika. Ndani ya kampuni habari hizi zilichukuliwa kuwa za ugonjwa wa mteja mwenyewe, yaani mabalanga, ugonjwa unaoifanya ngozi ipoteze rangi kwa mabaka, hivyo hazikushughulikiwa kama hitilafu ya bidhaa. Mwezi Mei 2013 daktari wa ngozi aliiandikia kampuni kuhusu wagonjwa watatu waliokuwa na mabaka pale pale walipopaka bidhaa zake, na ndipo uchunguzi wa haraka ulipoanza, ukaishia katika tangazo la Julai. Ripoti ya mawakili wa nje, iliyotolewa Septemba mwaka huo, iliilaumu kampuni kwa kuchelewa.

Ni rahisi kuwahukumu waliopokea simu hizo, ila mtego walionaswa nao unastahili kuelezwa, kwa kuwa upo katika kila duka na kila zahanati. Mabalanga huwapata takriban mtu mmoja katika kila mia au mia mbili duniani. Katika wateja 800,000, basi, maelfu wangekuwa na mabalanga hata kama wangepaka maji matupu. Kila simu, ikichukuliwa peke yake, ilikuwa na maelezo yanayokubalika. Maelezo hayo yanaanguka tu pale mtu anapoziweka simu zote pamoja na kuuliza maswali ya mpangilio: mabaka yameanzia wapi mwilini, yameanza baada ya muda gani wa kutumia, je, yanapungua mtu akiacha? Mabalanga ya kawaida hupenda vidole, viwiko, magoti, kuzunguka mdomo na macho, na hayajali mahali krimu ilipopita. Mabaka ya rododenoli yalikaa mahali kiganja kilipopita. Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuziona simu zote na kuchora mwili mmoja wa karatasi, akiweka alama kwa kila mlalamikaji, angeuona mpangilio huo mapema. Mfumo uliotenganisha malalamiko ya bidhaa na magonjwa ya wateja ulihakikisha kwamba mtu huyo hayupo.

Kuhusu yaliyofuata nitapita haraka. Rais wa Kanebo wakati huo, Masumi Natsusaka, aliomba radhi hadharani, wafanyakazi waliwatembelea waathirika, fidia zikalipwa, na waathirika wengine walikwenda mahakamani katika miji mbalimbali, kesi nyingi zikimalizwa kwa maridhiano. Kao iliunganisha utafiti na udhibiti wa ubora wa Kanebo na mifumo yake yenyewe. Mwaka 2014 wizara ilizibana kampuni zaidi, ikizitaka kuripoti madhara ya vipodozi na bidhaa za daraja lile la kati ndani ya muda uliowekwa, badala ya kuziachia kuamua zenyewe lipi ni la kuripotiwa.

Ngozi, kwa wengi, ilirudi. Kuacha kupaka ndiyo ilikuwa tiba ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote, na rangi ilianza kurejea taratibu, mara nyingi kama vitone vidogo vinavyochomoza kwenye vinyweleo, kwa kuwa huko ndiko akiba ya seli za rangi inakojificha. Madaktari waliongeza tiba zinazotumika kwa mabalanga, kama vile krimu ya takrolimusi na mwanga maalumu, pamoja na kinga ya jua. Walikuwepo ambao mabaka yao yalipungua bila kwisha, na waliobaki nayo kwa miaka.

Kwetu Afrika Mashariki kisa hiki kinafika kikiwa na uzito wa ziada, kwa sababu tatizo letu bado ni la zamani zaidi. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi, na Shirika la Viwango Tanzania pamoja na lile la Kenya huteketeza shehena za bidhaa hizo mara kwa mara, lakini bado zinauzwa. Madhara ya haidrokwinoni katika ngozi nyeusi yalielezwa na madaktari wa Afrika Kusini tangu mwaka 1975: baada ya matumizi ya muda mrefu, ngozi ya mashavu huwa ya kijivu na samawati, ikakauka na kuota vipele vidogo, na hali hiyo ni ngumu mno kuondoa. Wanaokimbia hatari hiyo sasa huelekezwa kwenye viungo vinavyoitwa salama, na kwa sehemu kubwa huo ni mwelekeo mzuri. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kanuni ya mwaka 2024, uliruhusu asidi ya kojiki isizidi asilimia 1 katika bidhaa za uso na mikono, na alfa-arbutini isizidi asilimia 2 katika krimu za uso. Viwango hivyo vina maana pale tu mtu anapotumia bidhaa moja yenye lebo ya kweli. Akiichanganya na nyingine tatu ndani ya kopo moja, kama mkorogo unavyofanywa, hakuna tena mtu duniani anayejua amepaka nini na kiasi gani.

Tofauti hiyo ndiyo inayonitia hofu. Wanawake wa Japani waliweza kugeuza chupa, kusoma jina, na kulilinganisha na orodha ya bidhaa 54 iliyotolewa na kampuni. Aliyenunua mkorogo hawezi kuitwa arudishe kitu ambacho hakina jina, na daktari wake hawezi kumfanyia kipimo cha plasta kwa kiungo asichokijua.

Kwa hiyo, mtu anayewashwa, anayeona wekundu au anayeona sehemu ya ngozi imefifia kuliko nyingine, aache bidhaa zote za kung'arisha siku hiyo hiyo, si ile anayoishuku tu, kwa maana kiungo kimoja chaweza kuwa ndani ya chupa tatu. Asitupe kitu. Aende kwa daktari wa ngozi akiwa na makopo yenyewe, yakiwemo yaliyokwisha, na picha za ngozi zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana kwa tarehe tofauti. Daktari naye, kabla ya kuandika mabalanga kwenye kadi, amwombe mgonjwa aonyeshe kwa kiganja chake anavyopaka, kuanzia paji la uso hadi nyuma ya mikono, kisha alinganishe njia ya kiganja na mahali mabaka yalipo. Vikifanana, taarifa ya mgonjwa huyo, pamoja na jina la bidhaa na namba ya toleo, ipelekwe kwa mamlaka ya udhibiti hata kama ni mgonjwa mmoja tu. Ile iliyoianzisha Kanebo kuchunguza ilihusu watatu.